Dogo, kichocho na somo nililofundisha vibaya

Poleni kwa kimya changu. Si mnajua tena, tesiti tatu ndani ya wiki moja na bumu lenyewe bado tunalisikia kwa mbali. Leo nimejibanza hapa kwenye kimbweta nimeona niandike, maana kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Jumanne.

Jumanne tulikuwa na kipindi cha kinga ya mwili. Sasa sisi wa ualimu tunapenda kurahisisha: chembe nyeupe ni askari, vimelea ni maadui, askari wakipiga sana mtu anapona. Fildi ya mwaka jana niliwafundisha hivyo hivyo Kidato cha Pili, nikachora na bunduki ubaoni. Darasa zima likacheka, nikajiona mwalimu kweli kweli.

Mhadhiri akachukua mfano wa kichocho cha tumbo. Nikakaa sawa. Mimi ni mtoto wa Ukerewe, ziwa limetuzunguka pande zote, kichocho tunakijua kama jirani.

Kumbe minyoo yenyewe siyo balaa kubwa. Dume na jike wanaishi kwa miaka kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, wamejivika vitu vya mwili wetu ili wasitambulike. Balaa ni mayai. Jike mmoja anataga kama 300 kwa siku. Mengine yanapenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, lakini mengi yanakwama ukutani humo, au yanasombwa na damu hadi kwenye ini.

Yai lililokwama linatoa kemikali, na askari wanafika: seli T saidizi, eosinofili, makrofeji. Wanalizunguka mpaka kinatokea kinundu kinachoitwa granuloma. Kinundu kina faida yake, kinaifungia sumu ya yai isiunguze ini. Ila mayai ni maelfu. Vinundu vikiwa vingi na kuacha makovu, damu inashindwa kupita vizuri kwenye ini, bandama inavimba, tumbo linajaa maji. Yaani ugonjwa wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya walinzi wetu!

"Sasa nani anawaambia askari inatosha?" mhadhiri akauliza. Kimya. Tukabaki kuangaliana.

Wapo bwana. Kuna seli T dhibiti, ambazo Mjapani Shimon Sakaguchi alizieleza mwaka 1995. Mwaka 2025 yeye na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Nobeli kwa kazi hiyo. Seli hizi, pamoja na nyingine, zinatoa ujumbe wa kutuliza unaoitwa intalyukini-10. Ndiyo maana kichocho kikishakuwa cha muda mrefu, vinundu vipya huwa vidogo kuliko vile vya mwanzo. Hata makrofeji zina aina inayotuliza. Mwaka 2004 watafiti wa Cape Town walitoa matokeo ya panya ambao makrofeji zao hazikuweza kupokea ujumbe wa intalyukini-4 na 13. Walipopata kichocho, utumbo na ini vikaharibika vibaya, wakafa mapema. Wenzao wa kawaida, wenye minyoo ile ile, waliendelea kuishi.

Basi mwili unafanya makubaliano: ukipiga mno unajiua, ukitulia mno mdudu anastarehe. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na minyoo miaka akitembea zake vizuri tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka dogo, moyo ukanilipuka.

Nilipokuwa Kidato cha Nne walikuja shuleni kwao kugawa dawa. Unapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, unapewa vidonge vya prazikwanteli kulingana na urefu wako. Mimi niliwahi kuvimeza na njaa, nikatapika mbele ya wasichana. Basi nikamwambia, "Dogo we jifiche, kwani unaumwa?" Akajificha. Mwaka uliofuata pia.

Kwani unaumwa! Kumbe ule utulivu ulikuwa kazi ya wadhibiti, huku mayai yakizidi kurundikana. Baadaye akaanza kuchoka ovyo, mimi nikamwita mvivu. Likizo iliyopita mama akampeleka hospitali, altrasaundi ikaonyesha makovu kwenye ini. Kameza dawa. Daktari alisema dawa inaua minyoo, mayai yaliyokwama haiyatoi, ila kwa kijana makovu yanaweza kupungua taratibu. Tunaomba Mungu.

Jana usiku nikampigia. Nikamwambia lile neno la kujificha lilikuwa langu na lilikuwa la kijinga, anisamehe. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Kwa hiyo kaka, wakija tena nimeze?"

"Meza," nikamwambia. "Ila kula kwanza ushibe."

Fildi ijayo sichori tena bunduki. Nitachora yai moja katikati ya ubao, niwaulize wanafunzi nani atasema inatosha. Na atakayesema haumwi kwa hiyo hana haja ya dawa, huyo nitakaa naye baada ya kipindi.

Haya wadau, mbu wameshaingia kimbwetani. Mwenye madesa ya kipindi cha Alhamisi anitafute, nilichelewa. Alamsiki!