Kazi ya Ziada Ilipopata Nafasi Nyumbani Kwetu

Mimi ni mtoto wa Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi, chini ya vilima vya Ngong unapoelekea Suswa. Nilisoma shule ya kutwa huku huku bondeni, nikafanya KCSE mwaka wa 2024, na sasa ninasomea ualimu. Nashuhudia kwamba masomo yangu hayakuokolewa na wingi wa kazi ya ziada. Yaliokolewa na mwalimu aliyetaka kwanza kujua jioni zetu zilivyo.

Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza Agosti 2021 tulikuwa watoto wa korona. Shule zilikuwa zimefungwa Machi 2020, kalenda ikavurugika, na mihula ikafupishwa ili muda uliopotea ufidiwe. Walimu walikimbizana na silabasi, na kilichobaki darasani tulikibeba kwenye mkoba. Hesabu, kemia, insha, ramani za jiografia: kila mwalimu alitoa kazi kana kwamba hatuna somo jingine.

Wakati huo huo ukame ulitukaba. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Baba na kaka zangu wakahama na ng'ombe kutafuta malisho. Bomani tukabaki na Yeyo, yaani mama, na nyanya, wasichana na watoto wadogo, pamoja na mbuzi na punda wa maji. Kazi za wanaume hazikuondoka nao, zilitushukia sisi.

Kwa hiyo asubuhi shuleni ungewakuta wanafunzi wamemzunguka mwenzao mmoja aliyemaliza kazi, wote wakinakili majibu kabla kengele haijalia. Ambaye hakuwahi alisimamishwa mbele ya darasa. Hakuna aliyekuwa akijifunza hesabu hapo.

Tulipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa hesabu alitugawia karatasi tupu. "Andikeni kila mnachofanya tangu kengele ya mwisho hadi mnapolala," alisema. "Na msiniandikie mnachodhani napenda kusikia."

Yangu ilikuwa hivi. Kutembea hadi nyumbani. Kuwapakia punda mitungi, kwenda kisimani na kupanga foleni. Kuhesabu mbuzi wanapoingia zizini. Kukamua hayo maziwa kidogo yaliyokuwepo. Kusugua vibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien, maana kibuyu kisipofukizwa maziwa huharibika. Kupika, kulisha wadogo, kuwalaza. Daftari lilikuwa mwisho wa orodha, na kufikia hapo taa yetu moja ya sola ilikuwa imeishiwa na chaji.

Mwalimu alizisoma karatasi zote, kisha akakaa na walimu wenzake wa darasa letu. Wakakubaliana kwamba jioni moja isibebe kazi ya zaidi ya masomo mawili. Yeye mwenyewe akaacha kusema "fanyeni zoezi lote". Alituchagulia maswali matatu au manne, na la kwanza tukalianza pamoja kabla ya kipindi kuisha, ili wa kukwama akwame mwalimu akiwapo. Asubuhi yake alisahihisha yote, na chini ya jibu nililokosa aliandika hatua niliyopotelea. Kwangu hilo lilikuwa jambo jipya: kazi niliyoihangaikia usiku ilikuwa na mtu wa kuisoma.

Kuna jambo nililolielewa baadaye chuoni. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zilisema masomo ya shule ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Shule za bweni ziliwekewa prepu kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo mwanafunzi wa bweni alikuwa na saa mbili za kusoma kila jioni, akiwa na dawati na mwanga. Wa kutwa hakuwekewa chochote baada ya lango la shule, na mtihani wa mwisho ulikuwa ule ule.

Pengo hilo kwetu lilizibwa na wazazi. Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu wa hesabu alisoma karatasi kadhaa bila kutaja majina, mzazi mmoja akitafsiri kwa Kimaa. Yeyo, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliitambua yangu. Hakunisemesha njiani. Baada ya chakula alisema, "Taa ni ya anayesoma kwanza. Maji tutayateka sisi mchana." Akina mama wa maboma ya jirani walianza kuwapeleka punda wote pamoja, kwa zamu. Alama zangu zilipanda polepole, na kunakili asubuhi kukafifia kwa sababu kila mtu alikuwa na kitu chake daftarini.

Naandika haya kwa kuwa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Kazi zao nyingi ni za miradi, na miradi hudai simu, bando na vifaa. Nawaomba walimu wenzangu waulize kwanza jioni za watoto zilivyo, watoe kazi inayotosha humo, na waisahihishe.

Nanyi wazazi wa Kajiado, mtoto wa kutwa anahitaji saa moja yenye mwanga, ambayo hatumwi popote. Mpeni hiyo saa, halafu mdaini alama.