Kigari cha Ubavuni katika Njia ya Misafara

Michezo ya watu wazima haina budi kustahimili kicheko. Mwenye kuvua samaki kwa ndoana huulizwa kwa nini hanunui sokoni, na mwenye kupanda mlima huulizwa amesahau nini huko juu. Mimi huulizwa habari ya pikipiki yangu, kwa kuwa ina kigari ubavuni, na ndani ya kigari mna sanduku la kamera, na mwenyewe ni mtu aliyekwisha vuka miaka arobaini, alaye kwa kufundisha Kiswahili. Vijana wa bodaboda wa Tabora hawana shaka katika jambo hili. Wao husema kuwa ni bajaji iliyokatwa katikati.

Sifa hiyo inachekesha lakini si ya haki. Magurudumu matatu ya bajaji yanapatana: moja liko mbele, mawili yako nyuma, na mzigo umekaa baina yake. Magurudumu matatu ya chombo changu hayapatani hata kidogo. Injini husukuma gurudumu moja tu, la nyuma ya pikipiki. Kigari hakina nguvu yake, nacho hufuata kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kwa sababu nchini kwetu hupitwa kushoto mwa barabara, kigari nacho kimefungwa kushoto. Niongezapo mwendo, hubaki nyuma, na chombo kizima huvutwa kushoto. Nishikapo breki, hutaka kuendelea na safari, na chombo huvutwa kulia. Kona ya kushoto ikiingiwa kwa haraka, gurudumu la kigari huinuka likaelea hewani, na aliyeketi ndani humkumbuka Mola wake. Mtu aliyezoea kuilaza pikipiki penye kona hana budi kuiacha elimu hiyo nyumbani, maana chombo hiki hakilali. Hugeuzwa kwa nguvu za mikono. Baada ya kilomita hamsini za mchanga mabega huwa kama ya mtu aliyetwanga kutwa.

Pikipiki yenyewe ni kuukuu, ya Kiingereza. Kigari kilitengenezwa na fundi wa kuchomelea mjini Tabora kwa mabomba ya chuma na mbao za mninga, nacho ni kizito kuliko kilivyopaswa kuwa. Katika miaka ya 1934 na 1935 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walisafiri kutoka London mpaka Cape Town kwa pikipiki ya Panther yenye kigari, na kwa muda mwingi wa safari walikokota na tela. Huwakumbuka kila ninapokwama mchangani bila tela.

Basi faida yake nini? Kwa mpiga picha ni kubwa. Pikipiki ya magurudumu mawili husimama kwa mguu, na mguu huzama mchangani. Hii hukaa popote ilipoachwa, na kamera iko karibu na mkono. Mwendo wake katika barabara za vumbi ni wa kilomita arobaini kwa saa, nao ni mwendo wa kuona. Faida iliyo kubwa zaidi ni kiti. Abiria wa bodaboda huona kisogo cha dereva, lakini aliyeketi katika kigari huona njia nzima, huonyesha kwa kidole, hupiga kelele za kusimamisha safari. Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari mjini Tabora, ndiye mwenye kiti hicho mara nyingi, na picha zangu zilizo bora yeye ndiye aliyeziona kwanza.

Tunayoifuata ni njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikakata nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 wakakuta mji wa biashara uliokwisha tulia, wenye wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani. Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na pembe zao tangu kabla ya hapo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, juu ya bega au kichwa, kwa miezi. Wengine walikwenda wakiwa wafanyakazi wa ujira, wengine wakiwa watumwa katika minyororo, na njia ilikuwa moja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya mabega ilipungua, na njia ikaanza kumezwa na mashamba. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Baina ya kituo na kituo alama ni chache. Aghalabu ni miembe tu, iliyozeeka na kujipanga mahali ambapo hakuna nyumba.

Miembe hiyo nimeipiga picha nyingi. Natumia filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo huisafisha mwenyewe. Filamu hiyo ina inda katika nchi ya Unyamwezi: udongo mwekundu na majani mabichi hutoka katika kijivu kimoja, mti ukamezwa na ardhi yake. Chujio la rangi ya chungwa huupausha udongo na kuitia anga kiza, na mwembe hujitenga. Mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu, na hapo chujio lilelile huleta picha isiyofanana na kitu macho yaliyoona. Jua la adhuhuri halifai kitu. Nyuso zote huwa na mashimo meusi badala ya macho. Sisi hupiga picha mpaka saa tatu asubuhi, kisha hulala chini ya mti mpaka saa kumi.

Kamera ina habari ya pekee katika njia hii. Grant, aliyesafiri na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860 na akachukua vyombo vyake bara. Wakati huo bamba la kioo lilipasa kutayarishwa na kusafishwa papo hapo katika hema dogo la giza. Speke aliona kwamba joto la hema lile litamuua mwenzake, akairudisha kamera pwani kabla hawajafika Tabora. Grant akashika kalamu na rangi za maji. Kwa hiyo kamera ile haikufika. Lakini nyuso za njia hii zilipigwa picha, tena kwa wingi kuliko watu wanavyodhani, zilipigwa mbali. Mtoto Ndugu M'hali, ambaye Stanley alipewa kama zawadi huko Unyanyembe mwaka 1871 akamwita Kalulu, alipigwa picha katika studio ya London pamoja na bwana wake mwaka 1872, mbele ya mandhari iliyotungwa. Alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877. Susi na Chuma, walioichukua maiti ya Livingstone wakapita nayo Unyanyembe Oktoba 1873 na kukataa shauri la kuizika hapo, nao walipigwa picha huko Uingereza mwaka 1874. Sura zimehifadhiwa vizuri sana, na zimehifadhiwa kwao. Mnyamwezi atakaye kuzitazama huzitazama siku hizi katika simu yake, zikiwa na jina la mwenye mali chini.

Nilikuwa nimekwisha yajua hayo vitabuni kwa miaka mingi. Mtu wa kuniuliza swali lake nilimpata karibu na Tura, mzee wa miaka themanini na kitu, ameketi chini ya mwembe ambao nilikuwa nautaka. Tulimwamkia, “Mwangaluka, Baba,” akaitikia, na shemeji akaeleza shughuli yetu. Mzee akaitazama kamera.

“Picha hiyo itakaa wapi?”

“Moja nitakuletea, Babu, na moja itakaa kwangu.”

“Kwako ni wapi?”

“Dar es Salaam.”

“Basi itakaa Dar es Salaam,” akasema. “Alipata kuja mgeni hapa akanipiga nikiwa nimebeba kuni. Sijui nimebeba kuni zile mpaka wapi.”

Uso wake hakutaka upigwe, nasi hatukumsihi. Alichotaka ni kupanda kigari. Shemeji alihama akakaa nyuma yangu, na mzee akaketi mahali pa sanduku, fimbo yake imesimama baina ya magoti kama mlingoti, akatupitisha katika mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Alituonyesha penye maji palipokuwa kambi. Alituonyesha ambapo misafara iligawana, mmoja kwenda Unyanyembe na mwingine kubaki ukingoja chakula. Babu yake alikuwa mpagazi kabla ya reli, na hayo aliyasikia kwake. Mwisho akatusimamisha mahali pasipo mti, wala jiwe, wala tofauti yoyote na mahali pengine, ila ardhi iliyobonyea kidogo kama mkeka uliokaliwa.

“Piga hapo.”

Jua lilikuwa limekwisha shuka na nuru ilikuwa haba. Nilipiga. Akasema nyuma ya picha yaandikwe majina, akayataja polepole: babu yake, ndugu wawili wa babu yake, na watu watatu wa kijiji waliokwenda pwani pamoja nao. Shemeji aliyaandika katika daftari la shule.

Mwaka uliofuata tulimpelekea picha mbili. Kama picha ni dhaifu: kijivu juu, kijivu chini, na mstari hafifu katikati ambao asiyeambiwa hatauona. Mzee aliipokea akaigeuza kwanza, akampa mjukuu wake wa kike asome. Msichana alisoma majina sita kwa sauti ya darasani. Mzee akasema yako saba. Wa saba alimkumbuka baada ya sisi kuondoka, naye amekuwa akilishika jina hilo mwaka mzima asije akalipoteza tena. Msichana akaazima kalamu yangu, akaliandika chini ya mengine katika picha yao, kisha akalinakili katika yangu.