Mzee Lightoller na Mwanawe

Sisi wazazi tuna haraka ya kuyakata maneno ya watoto wetu mezani. Kwa hiyo habari za Charles Lightoller, Mwingereza, zilitugusa sana. Alikuwa baharia wa meli za biashara, tena ofisa wa akiba wa manowari. (Jinsi alivyookoka Titanic ilipozama mwaka 1912, wengi wamekwisha kusikia.) Katika vita vya 1914 hata 1918 aliongoza manowari ndogo, akapewa nishani; kisha akaiacha kazi ya bahari, akafuga kuku.

Mwaka 1939, vita vilipoanza tena, mwanawe Brian, rubani, aliuawa katika siku za kwanza. Lakini alikuwa amekwisha kumweleza baba yake jinsi ndege zinavyoshambulia na jinsi ya kuziepa. Tarehe 1 Juni 1940 mzee, mwenye miaka 66, alivuka mpaka Dunkirk kuwachukua askari waliozingirwa, kwa mashua yake mwenyewe, Sundowner, ambayo haijapata kuchukua watu zaidi ya 21. Akarudi na watu wapata 130. Ndege zilipowajia, aliziepa kama alivyoelezwa, wala hakufa hata mmoja.

Roger, mwanawe mwingine, alikuwa naye mashuani. Huyo naye aliuawa mwaka 1945. Baada ya vita mzee aliunda mashua za polisi wa mtoni London. Alifariki mwaka 1952.