Mkwaruzo Si Ufa

Wasee, kuna kosa nilifanya kwa gereji ya anko wangu huko Texas na mpaka leo linanisumbua. Wacha niwape hiyo stori.

Anko ni ndugu ya mamangu na ameishi huko miaka mingi. Kila Jumamosi yeye na anti huenda kulenga shabaha na bastola zao za 9mm. Marekani watu wengi hujijazia risasi nyumbani. Wanaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wanayasafisha, wanayabana yarudi saizi yake, halafu wanaweka fataki mpya kwenye kitako, baruti, na kichwa cha risasi juu. Huku Kenya usijaribu hata kwa mzaha. Bila leseni, hata risasi moja mfukoni ni kesi.

Nilipomtembelea, akanipa ndoo ya maganda yaliyosafishwa, yanang'aa kama dhahabu. "Kijana, nitengee mazuri na mabaya."

Mimi ni mtoto wa Nairobi, nimechagua mtumba maisha yangu yote, nikajiona fundi. Ganda likiwa na mkwaruzo ama limebonyea mdomo kidogo, baya. Likiwa linang'aa, zuri. Nusu saa nikawa nimemaliza, nimekaa nikingoja kusifiwa.

Anko akavaa miwani, akaanza na rundo la mabaya. Akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. "Unaona? Ukucha haukwami. Huu ni mchanga tu ulilikwaruza." Na mdomo uliobonyea? Mashine ya kubana itaunyoosha. Karibu yote yakarudi kwa ndoo.

Halafu akachukua yale mazuri yangu, akayatikisa mkononi manne manne karibu na sikio. Ganda zima hulia ting, ting. Moja likalia kama kopo. Akanionyesha ufa mwembamba kama unywele, umetoka mdomoni ukishuka chini. Alipomaliza, yalikuwa matatu.

Nikajitetea, "Lakini anko, si ni kaufa kadogo tu?"

Hakukasirika. Akanieleza kwamba ganda ni shaba iliyochanganywa na zinki, karibu 70 kwa 30. Likipigwa linatanuka, likibanwa linarudi, na kila safari linazidi kuwa gumu, mpaka siku linapasuka. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua hadi ukatike. Mdomo wenye ufa haushiki kichwa cha risasi vizuri. Kichwa kikisukumwa ndani wakati bastola inajipakia, nafasi inapungua na presha inapanda. Na hiyo presha si mchezo: kikomo cha 9mm ni 35,000 psi. Tairi ya gari ni kama 35. Ufa ukiwa chini karibu na kitako ni noma zaidi, kwa sababu gesi ya moto inaweza kumrudia aliyeshika bastola.

"Na Jumamosi," akasema, "anayepiga kwanza huwa ni anti yako."

Manze, nilinyamaza.

Sasa, maoni yangu ni haya. Kutumia kitu tena ni poa, na siwezi kumcheka mtu anayeokoa doo. Lakini kukataa kila kitu chenye alama ni uvivu, na kukubali kila kinachong'aa pia ni uvivu. Mimi nilifanya yote mawili ndani ya nusu saa. Niliangalia sura, sikukagua. Kama huna subira ya kukagua ganda moja moja, nunua risasi mpya dukani, usiwaweke watu wako kwenye hatari kwa sababu ya bei.

Kitu kingine: yale matatu anko hakuyatupa hivi hivi. Aliyaponda kwa koleo mpaka yakawa bapa. Nikamuuliza kwa nini. "Nikiyaacha mazima, siku nitakuwa na haraka nitajiambia bado yanafaa."

Kisha akaimwaga ndoo yote mezani. "Anza upya."

Nilimaliza saa tano usiku, ukucha umechafuka, masikio yanalia ting. Nikapata la nne. Hata anko lilikuwa limempita. Hakusema kitu, alinipa tu koleo.