Kwa nyanya Kimilili, mafuta yako mpinini

Ukiabiri matatu Webuye kuelekea Kitale, msomaji, kaa upande wa kushoto. Baada ya Lugulu na Misikhu utauona Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ukiwa umejifunika wingu. Shuka Kamukuywa na ushike njia ya Kimilili. Aghalabu utaona mahindi na miwa, lakini mwezi wa Desemba, hapa na pale, kuna alizeti zilizoinama kama watoto waliokemewa.

Ua hilo likiwa changa hulifuata jua kutwa. Likikomaa hutulia, likaelekea mashariki. Mgongo wake ukigeuka manjano kisha kahawia, wenyeji hulikata upesi kabla ndege hawajajilia.

Nyanya yangu, ambaye nilimtembelea likizo iliyopita, hupanda mbegu nyeusi zenye ganda jembamba. Zile kubwa za milia ambazo wewe hutafuna mjini zina mafuta machache, na ganda lake huitesa mashine. Tulipura kwa fimbo, tukapepeta kwa ungo, kisha tukaanika kilo 20 juu ya bati hadi zikawa za moto mkononi.

Mashine yake imefungwa juu ya ubao mnene chini ya mwembe. Aina hii ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Mmarekani Carl Bielenberg, na katika miaka ya 1990 shirika la ApproTEC likaiuza hapa Kenya kwa jina la Mafuta Mali. Ukiinua mpini wake mrefu, mbegu huanguka ndani ya silinda. Ukiuteremsha, pistoni huzibana, mafuta yakachuruzika kupitia mianya myembamba, na mashudu yakatokea upande wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyoelezwa. Mimi nilivuta mara 30 bila kuona hata tone.

"Mjukuu wangu, chuma bado ni baridi," nyanya akacheka. "Hayo mashudu yarudishe ndani."

Nikayarudisha, mara mbili. Mashine ilipopata joto, uzi wa rangi ya dhahabu ukaanza kuteremka sufuriani, na harufu yake, naam, ni kama ya njugu zilizokaangwa. Kufikia saa kumi jioni tulikuwa na lita 4 na ushee, na mabega yangu hayakuwa yangu tena. Kwa mashine ya mkono, hesabu kilo 4 hadi 5 za mbegu kwa kila lita.

Nyanya huyachemsha na maji kidogo na chumvi, mpaka mlio wa kutatarika ukome, ndipo ayachuje kwa kitambaa safi. Ukipenda, yaache tu yatulie siku kadhaa ili machicha yazame. Yaweke mbali na jua. Mashudu nayo ni chakula cha kuku na ng'ombe, kwa hivyo hakuna kinachotupwa.

Je, kuna faida? Ukihesabu jasho, sina hakika. Lakini Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka nje. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, na Indonesia ikapiga marufuku kwa majuma kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese, bei hapa ilipaa hadi wengi wakawa wananunua ya kupimiwa kibandani. Nyanya hakununua hata kijiko.

Siku hizo alikuwa na nguvu za kuvuta. Sasa bega la kulia linamuuma, na wajukuu wote tuko mjini. Mwaka jana gunia zima la mbegu lilikaa ghalani hadi panya wakalimaliza. Ami yangu, ambaye si mtu mbaya, ameshapatana bei na mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayepita na mkokoteni.

Nyanya alinifungia lita moja kwenye gazeti. "Machi napanda tena," akasema. "Agosti shule zikifungwa, nani anakuja kuvuta?"

Nilimjibu kwamba barabara ni ndefu na nauli ni ghali. Hakusema neno.

Nilipofika Nairobi nilikaangia sukuma wiki mafuta yale. Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 13, aliuliza harufu ile ni ya nini, nami nikamsimulia habari za mpini na mwembe. Akataka kujua iwapo mashine bado ipo. Nikampigia ami simu usiku uleule, nikamsihi mnunuzi asubiri mpaka Agosti.