Asali, Moshi na Zebaki: Niliyoyaona Mwakitolyo

Mwenye kufika Mwakitolyo, Mkoa wa Shinyanga, hulakiwa na vumbi la mashimo ya dhahabu. Nilikaribishwa nyumbani kwa rafiki. Nikakuta kibuyu cha maziwa kimefukizwa kwa moshi wa kuni, na asali imetengwa mkekani. Desturi hizo zina hekima. Moshi hupunguza vijidudu viharibuvyo maziwa. Asali nayo ina maji machache na ukali wa asidi, hata vijidudu vingi hushindwa kuzaana ndani yake. Na Qurani, katika Sura ya Nyuki, imeitaja kuwa ni ponyo.

Lakini penye mboga nililiona beseni lililochanganyiwa mchanga wa dhahabu na zebaki. Nilipouliza, mwenyeji wangu akanijibu, "Maalim, tumeliosha kwa jivu na ndimu."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, zebaki si kijidudu, hata ife kwa ndimu, moshi au asali. Nayo humdhuru mtoto ubongo tangu tumboni mwa mamaye."

Akanyamaza, kisha akalitoa beseni lile nje. Basi, enyi wenye nyumba, chombo cha mgodini kisiingie jikoni kamwe. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.