Kwenda Lamu kwa Gari Kuukuu



Katika miji yetu ya mwambao, mtu atakaye kununua gari lililokwisha kutumika huwa na swali moja la kwanza: limetembea kilomita ngapi? Akiambiwa elfu themanini, uso humkunjuka. Akiambiwa laki tatu, hushukuru kwa adabu akaenda zake. Nambari ile ya kwenye dashibodi imekuwa ndiyo hukumu ya gari, na wengi wetu hatusomi kitu kingine chochote. Leo naomba tusafiri pamoja kutoka Mombasa hadi Mokowe, kwenye gati ya kuvukia Lamu, ndani ya gari ambalo mita yake ilikuwa imeshapita laki nne, tupate kuona ni jambo gani hasa limfanyalo msafiri aliamini gari lake.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, iliyoteremshwa bandari ya Kilindini mwaka 2005 na kununuliwa na marehemu baba yangu. Tangu siku hiyo halijatoka mikononi mwa jamaa zetu. Kila kukicha hupeleka watoto skuli, alasiri huwapeleka madrasa, hupitia soko la Kongowea, na mwisho wa wiki huvuka Likoni kwenda kuwajulia hali jamaa wa Diani. Kazi hiyo hulifanya bila ya kulalamika. Lakini mjini likikwama, mtu husukumwa na vijana, akafika nyumbani kwa tuktuk. Njia ya Lamu ni habari nyingine.

Mama mkwe wangu, mkaazi wa Lamu, alikuwa amekuja Mombasa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alipompa ruhusa, alitaka kurudi kwake kwa barabara, mchana, akiwa na watu wake. Hapo mashauriano yakaanza. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, na shemeji zangu waliona haifai kumpakia mama mtu mzima katika gari la laki nne kwa masafa ya yapata kilomita 340. Mmoja alishauri tukodi gari jipya. Mwingine alisema heri tuliuze hili, tuchukue mkopo wa benki, tununue la kisasa. Mkopo wa riba haukuwa na nafasi nyumbani kwetu, na hata ule usiokuwa na riba, malipo yake ya kila mwezi yangekula karo ya watoto. Hata hivyo hofu ya shemeji zangu haikuwa ya bure. Baada ya Minjila kuna vipande virefu vya mwitu visivyokuwa na mji wala gereji, njia ambayo askari huwakagua wasafiri kwenye vizuizi, na kila mwenye busara huhakikisha ameimaliza jua likiwa bado juu. Hapo si mahali pa kukaa ndani ya gari lililozima, na mgonjwa akiwa amefungwa kitambaa jichoni.

Nilichokuwa nacho cha kuwajibu ni daftari. Baba alilianzisha mwezi ule gari lilipofika, nami nikaliendeleza. Humo mmeandikwa kila siku oili ilipobadilishwa, nasi huibadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Mmeandikwa ule mkanda wa ndani ya injini, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, kwani ukikatika injini huzima palepale barabarani. Mmeandikwa plagi, betri, rejeta, shokomzoba, na bei ya kila kimoja. Tuliketi barazani tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Laki nne zile hazikuwa tena nambari ya kutisha, kwani kila elfu moja ilikuwa na shahidi wake.

Tulinganishe na nambari ndogo isiyokuwa na shahidi. Kwa mujibu wa kanuni za Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane. Kwa hiyo kila gari litokalo Japani limeshaishi maisha mengine kabla ya kutufikia, na baadhi ya wafanyabiashara hurudisha mita nyuma ili lionekane bikira. Huku ni kupunja vipimo, jambo ambalo Sura ya Al-Mutaffifiin imelionya vikali, na ni juu ya mnunuzi naye kufumbua macho. Tazama kanyagio la breki: mpira wake ukiwa umelika hadi chuma, na mita ikisema elfu sitini, kimoja kati ya viwili hivyo chasema uwongo. Tazama usukani uliong'aa kwa mikono na kiti cha dereva kilichobonyea. Dai karatasi ya mnada na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya gari kupakiwa melini, ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi.

Tena kilomita hazilingani uzito. Gari lizungukalo kutwa katika msongamano wa Makupa, likiwashwa na kuzimwa, likisaga klachi na breki, huchakaa kuliko lile liendalo masafa marefu kwa mwendo mmoja. Mwalimu mmoja wa sayansi huko New York, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 akaiendesha mpaka ikapita maili milioni tatu mwaka 2013, karibu kilomita milioni tano, naye alisifika kwa kufuata ratiba ya matengenezo bila ya kuchoka. Dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliifikisha Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 kwenye kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia katika makumbusho ya kampuni iliyoiunda. Injini yake ilibadilishwa mara kadhaa, basi tusidhani ni miujiza. Na hapa kwetu, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika mashindanoni na wengine, wakaziacha nyuma gari mpya zilizoletwa kwa ajili ya mbio hizo. Wazee wetu nao watakumbuka Peugeot 504 za abiria, tulizoziita Pijo, zilivyokuwa zikiunganisha miji yetu miaka na miaka, zikifunguliwa na kufungwa na mafundi wa mitaani.

Shemeji zangu wakaridhia, kwa sharti gari likaguliwe na fundi wetu wa Majengo wiki moja kabla. Sharti hilo lilikuwa la haki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Mwenyezi Mungu, na gari nalo lina kamba zake. Fundi aliangalia breki zote nne, akamwaga mafuta ya breki ya zamani na kutia mapya, kwa sababu mafuta hayo hufyonza unyevu, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Alilala chini akagongagonga chesisi kutafuta kutu, maana chumvi ya bahari hula chuma kutokea chini, mahali jicho lisipofika. Alisoma tarakimu nne za ubavuni mwa kila tairi, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, akalikataa moja lililokuwa na meno mazuri lakini umri mkubwa, kwani mpira hukauka na kupasuka hata ukikaa kivulini. Ndani ya buti tukaweka tairi la spea lililojazwa upepo, jeki, mipira miwili ya rejeta, mkanda wa feni, madumu mawili ya maji, na oili lita moja.

Tuliondoka Ijumaapili baada ya sala ya alfajiri. Kaka yangu alishika usukani, mama mkwe akakaa mbele kiti kikiwa kimelazwa kidogo, nami nyuma pamoja na binti yangu, sote tukiwa tumefunga mikanda. Mama ndiye aliyetusomesha dua ya safari, tukaitikia. Daraja la Nyali tulilivuka taa za mji zikiwa bado zawaka. Mtwapa ilikuwa ikiamka, harufu ya mahamri ikiingia dirishani, kisha yakaja mashamba ya mkonge ya Vipingo, mistari kwa mistari. Kilifi tuliuvuka mlango wa bahari kwa dakika moja juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Mama akatuhadithia enzi za feri, foleni ilivyokuwa ikishinda juani, na madereva walivyokuwa wakifungua boneti ili injini zipoe.

Malindi tulifika baada ya kilomita kama 120, tukasimama kwa chai. Injini ilipopoa, kaka yangu alifungua boneti kama tulivyokubaliana kufanya kila kituo. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umevimba upande mmoja, mahali palipokuwa pameshikwa na kibanio. Haukuwa ukivuja bado. Fundi wa jirani na kituo cha mafuta aliubadilisha kwa muda wa nusu saa, kwa mpira tuliokuwa nao wenyewe, na mwanangu akaandika daftarini: tarehe, kilomita, mahali. Mpira ule ungeweza kutufikisha Mokowe, na ungeweza pia kupasuka Lango la Simba. Hakuna mita yoyote ambayo ingetujulisha.

Kutoka Malindi tuliuvuka mto Sabaki, nchi ikawa wazi, minazi ikapungua na mbuga kuchukua nafasi. Kwa zaidi ya kilomita mia moja hadi Garsen mwendo wetu ulikuwa themanini, si zaidi, na sindano ya joto haikutikisika. Kisha tukaingia katika bonde la Tana. Mto huu hulisha watu na hukata njia pia: mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliifunga barabara ya Lamu, na wasafiri wakalazimika kuvushwa kwa mashua. Siku yetu maji yalikuwa yametulia. Minjila tulikata kulia, vizuizini askari wakatusalimu na kutazama vitambulisho, Witu ikapita, na lami, ambayo njia hii imeipata katika miaka ya karibuni tu, ikatupeleka hadi Hindi na hatimaye Mokowe kabla ya alasiri. Mama alikuwa amelala tangu Witu.

Sisemi kwamba kila gari kuukuu lafaa kupakiwa watu. Chesisi ikiliwa na kutu, fundi akishonelea bati juu ya bati, gari hilo limekwisha, hata mita ikisema elfu hamsini. Breki zikihitaji kupigwa mara mbili ndipo zishike, hakuna safari. Na gharama za matengenezo za mwaka mmoja zikikaribia thamani ya gari lenyewe, heri kuliachia, na kumweleza mnunuzi aibu zake zote. Kuna jambo la kuzingatia pia: gari za zamani nyingi hazina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, basi mwendo wa pole ndio kinga yake. Ukarabati mzuri hauligeuzi gari la 1998 kuwa la leo.

Tuliliegesha Mokowe pamoja na gari nyingine, kwa kuwa katika mji wa Lamu vichochoro ni vya watu na punda. Tulipokuwa tukiteremka gatini kushika mashua, binti yangu aliiona ilivyochakaa, rangi imebambuka na mbao zimekwajuka, akamnong'oneza nyanyake: ina miaka mingapi hii? Mama alicheka. "Mjukuu wangu, chombo hakiulizwi miaka. Huulizwa kimekalafatiwa lini, na nahodha wake ni nani." Kisha akamwonyesha pamba iliyoshindiliwa katikati ya mbao, akamweleza namna vyombo vinavyopandishwa ufukweni, vikapakwa deheni chini ili vidudu vya baharini visile mbao, na kwamba kazi hiyo hurudiwa tena na tena maisha yote ya chombo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Huko Matondoni, wanakounda majahazi, kila mtu ajua kwamba kuunda hakumaliziki siku chombo kinaposhushwa majini.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu wanawake ndio tunaolitumia gari la nyumbani kutwa, lakini husubiri mtu mwingine ndiye alijue. Wiki hii nunua daftari la shilingi chache uliweke kwenye sanduku la dashibodi. Andika kilomita za leo. Muulize fundi oili ilibadilishwa lini, mkanda wa ndani una umri gani, tairi zina mwaka gani, uandike na majibu yake. Asipojua, huko ndiko kwa kuanzia. Kesho ukihitaji kumpeleka mzazi wako mbali, utakuwa na cha kusoma kabla ya kufunga safari, na baada ya hapo kuna dua.

Mwenyezi Mungu awasalimishe wasafiri wetu wote, wa barabarani na wa baharini. Aamiin.